Gari la Mkwe Lina Krosi Kavu

Mwanangu Zainabu,

Salamu utazipata kesho kwa midomo ya watu wengi, na nusu yake zitakuwa za uongo, kwa hiyo zangu naziweka akiba. Sisi wazima. Baba yako mzima, amevaa koti lake la harusi tangu asubuhi na anazunguka uani akiwaamrisha watu wafanye kazi ambazo wameshazimaliza. Wewe najua hujambo, maana vicheko vya shangazi zako huko Katandala vinasikika mpaka jikoni kwangu, na wasingecheka hivyo kama ungekuwa na homa.

Nimekatazwa kuja. Mwari hafundwi na mama yake, ndiyo desturi, na shangazi yako Mwanaidi anailinda kama askari anavyolinda mlango wa boma. Basi yeye, aliyeachwa mara mbili, anakufundisha kukaa na mume, na mimi ambaye sijaachwa hata mara moja nimeambiwa nikachambue mchele. Haidhuru. Mambo ya sufuria, ya kanga, ya kumwitikia mume akiita, msikilize yeye. Akikosea, utajua mwenyewe baada ya wiki moja, kama nilivyojua mimi.

Barua hii ataileta mjomba wako Petro alfajiri. Isome kabla hawajaanza kukuvika. Habari yenyewe ni hii, na mengine yote ni maelezo: kesho baada ya nikahi watakupandisha kwenye pikapu ya Shabani ushuke naye Kasanga, na krosi ya nyuma ya pikapu ile ni kavu. Ikikatika pale barabara inapoanza kuteremka kwenda ziwani, mimi nitaletewa maiti. Nimelisema neno hilo kwa watu wote wa nyumba hii na wote wameniambia nisilete nuksi kwenye harusi.

Unaijua krosi. Uliijua ukiwa mdogo kuliko watoto wengi wa kiume wa mtaa huu, ingawa ulivyoanza kwenda shule uliona haya. Wenzako walipopita wakaona miguu ya mama yako imechomoza chini ya gari la baba yako, ulijifanya unaelekea nyumba nyingine. Nilikuona, nikacheka kule kule chini. Lakini nakukumbusha kwa sababu shangazi zako wamekujaza hina kichwani: kuna shafti ndefu inayotoka kwenye gia boksi kwenda kuzungusha magurudumu ya nyuma, na nyingine fupi inayokwenda mbele, maana hilo la Shabani ni gari la foo-wili, linalovuta kwa miguu yote minne. Kila shafti ina kifundo kila mwisho, kama kifundo cha mkono wako, ili iweze kuzunguka huku gari likiruka mashimo. Kifundo hicho ndiyo krosi. Ndani yake mna vichuma vyembamba kama sindano, na sindano hizo haziishi bila grisi. Zikikauka hutafunana, zikageuka unga mwekundu wa kutu. Hakuna fumbo hapo, wala si lazima mtu awe amesomea ng'ambo. Lazima alale chini tu, na hapo ndipo wanaume wa Sumbawanga wanaposhindwa.

Ungeona Shabani alivyoingia leo! Gari linang'aa mpaka kuku wamelikimbia. Amelipaka mafuta kwenye matairi, nakuapia, kwenye matairi, kama bibi harusi anayepakwa miguuni. Amefunga vitambaa vyekundu kwenye vioo. Watoto wa mtaa mzima walimfuata wakipiga makelele, na baba yako akasimama mlangoni akitabasamu kana kwamba yeye ndiye anayeolewa. Mimi nilikuwa jikoni nimegeukia ukuta, kama ninavyotakiwa, maana mama mkwe na mkwe hawatazamani wala hawasemezani mpaka azaliwe mtoto. Sawa, macho nilifumba. Masikio desturi haijasema niyafanyeje. Alipofika kwenye ule mpando mdogo kabla ya geti akabadili gia, nikasikia: kong. Akaachia klachi, kong. Akarudi nyuma kulipanga gari vizuri ili watu walione ubavuni, kong tena, na baada yake kile kilio chembamba cha chuma kinachoomba maji. Nikaacha mchele wangu.

Ile sauti naijua kuliko ninavyoijua sauti ya dada yangu.

Baba yako alinunua foo-wili yake miaka michache baada ya vita, wewe ukiwa unatambaa. Kulikuwa na magari machache mjini, ya boma, ya misheni, na ya wafanyabiashara wawili watatu, kwa hiyo alijiona amekuwa mtu. Akaajiri dereva aliyejiita Inginia. Nani alimpa uinginia, Mungu ndiye anayejua. Alikuwa na kofia, alikuwa na peni mfukoni, na alikuwa hajui kuandika. Inginia alipaka grisi mahali panapoonekana. Bawaba za milango, sawa. Komeo la boneti, sawa, mpaka likawa linateleza. Ukimwuliza habari za kule chini alikuwa anasema, "Kule chini nani anaona, mama?" Na baba yako anacheka, kwa sababu dereva mwenye kofia amesema jambo.

Nikaanza kulala chini mimi. Sikufundishwa na mtu. Nilikuwa nimemwona dereva wa misheni akifanya, nikaona kazi yenyewe haizidi kusafisha mtungi. Unafuta kwanza ile chuchu ya kupitishia grisi, maana usipofuta unasukumia mchanga ndani, na mchanga na sindano havijawahi kupatana. Unashika bomba la grisi, unasukuma taratibu. Grisi kuukuu inatoka nyeusi, halafu inatoka mpya, na inatakiwa itoke kwenye ncha zote nne za krosi. Ikitoka tatu na ya nne ikakataa, usijipongeze. Hiyo ya nne ndiyo itakayokuua. Unaizungusha shafti, unailegeza, unasukuma tena mpaka nayo iteme.

Sisemi kwamba ndoa ni kama krosi, Zainabu. Watu wanaosema ndoa ni kama kitu fulani sijawaona wakikaa vizuri na wake zao. Krosi ni krosi.

Sasa nikueleze ujinga wangu mwenyewe, usidhani mama yako anawadharau watu wote akajisahau. Ulikuja wakati grisi ikawa adimu. Duka lililokuwa nayo liliuza kwa kujuana, na baba yako hakujuana na mtu kwa sababu ya maringo ya gari. Debe letu likabaki na kilichoshika chini tu. Mke mwenye akili angesema gari lilale. Mimi nilitaka sifa. Nilitaka watu waseme mke wa Idi ni mjanja, anaendesha gari kwa akili ya jikoni. Nikachukua mafuta ya ng'ombe, nikachukua nta ya nyuki iliyoletwa na mama yangu toka Mpui, nikaviyeyusha pamoja na ile grisi iliyobaki, nikakoroga kwa mwiko. Ulikuwa mwezi wa baridi, ule upepo wetu wa huku juu unaokata masikio. Asubuhi dawa yangu ilikuwa imesimama kwenye chungu kama ugali wa ulezi. Nikabonyeza kwa kidole, nikajiona nimewashinda Wazungu. Inginia alipoiona akasema, "Mama, hii ni bora kuliko ya dukani," na mimi niliyekuwa namdharau mtu huyo kwa kila neno lake, neno hilo moja nikaliamini. Mtu mjinga akikusifu, shtuka, mwanangu. Mimi sikushtuka.

Gari likashuka Bonde la Rukwa kufuata samaki. Wewe hujafika kule. Huku juu unalala na mablanketi mawili, kule bondeni unalala nje na bado unatoka jasho. Kilichosimama kama ugali kwenye baridi yetu kiliyeyuka kule kikawa mchuzi, kikadondoka njiani chote, tone kwa tone, na krosi ikabaki tupu. Hawakujua. Walipakia samaki wakavu, wakaanza kupanda ule ukuta wa mlima kurudi nyumbani. Petro ndiye alikuwa utingo, amesimama nyuma juu ya magunia na gogo lake la kuzuia tairi. Baba yako ndani, pembeni ya Inginia. Petro akasikia kong, akapiga bodi kwa kiganja.

"Inginia, weka miguu ya mbele ishike! Huku nyuma kunalia!"

"Foo-wili ni ya waoga," akajibu Inginia. Hayo Petro aliyasikia kwa masikio yake, na baba yako aliyasikia, na baba yako alicheka.

Kwenye kona kali krosi ikakatika. Shafti ikaanguka ncha ya mbele, ikachimba barabara, ikapiga bomba la breki likapasuka. Gari likaanza kurudi nyuma. Inginia akavuta hendibreki kwa mikono miwili, wapi! Hapa nisikilize kuliko ulivyomsikiliza shangazi yako mchana kutwa: hendibreki ya gari hizi haishiki matairi. Inashika shafti ya nyuma, pale inapotokea kwenye gia boksi. Shafti ikikatika, ule mkono unaouvuta umefungwa kwenye hewa. Kama yule bwana angekandamiza mapema kile kirungu chenye kichwa cha manjano kinachoshikisha miguu ya mbele, shafti ya mbele ingebaki imeshika na hendibreki ingefanya kazi kwa kupitia huko. Hakukandamiza. Alichofanya ni kufungua mlango na kuruka, na kofia yake, na peni yake. Akamwacha baba yako amekaa mle ndani na mdomo wazi. Petro ndiye aliyeruka akaenda nyuma ya gari, wakati kila mwenye akili angekwenda pembeni, akasukumiza gogo chini ya tairi. Gogo lilishika. Kabla halijashika, tairi lilikuwa limekwisha pita juu ya mguu wake.

Ndiyo sababu mjomba wako anatembea vile. Ulipokuwa mdogo ulimwiga mwendo wake mbele ya wageni, nikakuchapa mpaka baba yako akaniuliza nina nini. Nilikuwa nachapa mkono wangu mwenyewe, ila ngozi ilikuwa yako. Nisamehe kwa hilo.

Sikuficha. Siku walipomleta Petro kwenye machela nilisimama pale uani mbele ya wote nikasema, "Idi, ni mimi. Ni mafuta yangu niliyopika. Yameyeyuka bondeni." Unajua baba yako alinijibu nini? "Nyamaza, mama Zainabu. Mwanamke hawezi kuvunja chuma." Na wazee wakaitikia kwa vichwa. Hata uharibifu walininyima! Wakasema nimechanganyikiwa kwa uchungu wa kaka yangu. Badala ya kununua debe la grisi wakanunua mbuzi wakampa mganga, na mganga akatazama kwenye maji yake akaona, ajabu, bibi kizee jirani yetu, asiye na mume wala mtoto karibu wala mtu wa kumtetea. Waganga hawajawahi kuona mchawi mwenye wana saba wenye mapanga. Nikawapelekea chungu changu na mwiko wangu, nikawawashia moto, nikayeyusha mbele yao wakaona kinavyokuwa maji. Wakatazama. Halafu mmoja akasema, "Ndiyo, na nani aliyekutia akili ya kuyapika hayo?" Nikajua hapo hapana watu. Bibi yule alihamia Msanzi kwa mtoto wa ndugu yake, na mimi nilimbebea mzigo wake mpaka nje ya mji, na hakuna mwanaume hata mmoja aliyenitazama usoni.

Tangu siku hiyo siogopi kuitwa mwenye nuksi. Nilichojifunza ni kidogo, lakini kimenigharimu mguu usio wangu: kusema mara moja ukanyamaza hakutoshi. Mimi nilikuwa nimeisikia ile krosi ikianza kulia tangu grisi ilipoadimika, kabla hawajaondoka. Nilimwambia baba yako mara moja, kwa adabu, nikiwa nimepiga goti na sahani mkononi. Akasema, "Tutaangalia." Nikanyanyuka na sahani yangu nikaenda zangu, nimetimiza adabu. Adabu ile ilikuwa uvivu wa mdomo. Wewe umelelewa kwa adabu, na nina fahari. Lakini ukiwa ndani ya gari hilo ukasikia kong, usipige goti. Piga kelele. Ushuke. Atakasirika, na hasira ya mume hupoa. Shangazi yako atakuambia haipoi, kwa sababu yeye hakuwahi kungoja aone.

Turudi kwa huyu wako. Sijasema Shabani ni mtu mbaya. Petro ameniambia kwamba akimkuta mzee njiani anambeba bure mpaka kwake, na kwamba hanywi, na kwamba anamtunza mama yake pale Kasanga. Nimesikia, nimefurahi, na moyoni nimemtolea heshima yake. Ninachosema ni kwamba ni mtu asiyeinama. Gari lile alilinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akiwinda mamba Ziwa Rukwa, aliyelitembeza kwenye matope na maji miaka yote, na maji yameosha kila kitu kilichokuwa ndani ya krosi. Shabani yeye anaona fahari. Kila anayemsalimia anaambiwa, "Hili lilikuwa la Mzungu." Mzungu mwenyewe ameondoka kwa miguu yake mizima, ameshauza tatizo kwa bei ya gari.

Nilifanya kama desturi inavyotaka. Mwanaidi alipopita hapa kuchukua mchele, nilimtuma amwambie krosi ya nyuma kavu. Akarudi akiwa amejifunika mdomo kwa kanga.

"Anasema nikwambie gari hili lilikuwa la Mzungu."

"Nimeshajua lilikuwa la nani. Grisi je?"

"Wifi, mimi siwezi kumwuliza bwana harusi habari za grisi. Watu watatuonaje?"

Nikaenda kwa baba yako. Mzee Idi, aliyekaa kwenye gari linalorudi nyuma kwenye kona akiwa na mdomo wazi, nilidhani yeye angalau anakumbuka.

"Bwana, ile sauti umeisikia?"

"Sauti gani?"

"Umeisikia, bwana."

Akatazama mikono yake. Kisha akasema taratibu, "Mama Zainabu, mkwe hajakaa hata kikao kimoja kwangu, nianze kumkosoa? Tusitiane aibu. Akishazoea nitamwambia." Akishazoea! Na wewe kesho utakuwa kwenye mteremko. Nilimpenda baba yako ujana wangu wote na bado nampenda, lakini jioni hii nilimwona mdogo sana ndani ya koti lile.

Petro akanisikia, akacheka cheko lake la puani, akaenda akichechemea mpaka alipo Shabani na wenzake. Akamsalimu, akasifu vitambaa vyekundu, akasifu matairi. Halafu akauliza kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Mkwe, huku chini umepiga grisi lini?" Shabani akajibu, "Hayo anayajua fundi wangu, mjomba." Petro akauliza fundi gani. Kasanga mafundi wa mitumbwi wako tele. Wa gari, hata mmoja hayupo. Vijana wenzake wakaangua kicheko, na Shabani naye akacheka, lakini Petro anasema alitazama chini kwenye gurudumu, mara moja, upesi. Ninakuandikia hilo kwa sababu ni haki yake. Mtu asiyejua hatazami. Yeye anajua gari halilii vizuri. Anaona aibu tu kulala chini mbele ya watu, na hiyo aibu ndiyo ninayoidharau kuliko ujinga, maana ujinga una dawa.

Basi walipokwenda kuswali magharibi, wanaume wote, gari likabaki peke yake uani, nilimwita Petro. Tumeweka mawe mbele na nyuma ya kila tairi, mimi si Inginia. Nikatandika gunia nikalala chini ya gari la mkwe wangu, jambo ambalo shangazi yako akilisikia atazimia, na nikaipapasa ile krosi. Unga mwekundu umejaa kwenye krosi zote mbili, kila mwisho wa shafti. Ile ya nyuma zaidi inacheza kama jino la mtoto. Tumefungua nati nane, nne kila upande, tumeishusha shafti nzima ya nyuma, tumeibeba kwa kuifunika mkeka mpaka chumbani kwangu. Wanawake waliokuwa wakisonga ugali walitutazama, wakatazama sufuria zao. Baba yako, gari lake lilipotengenezwa baada ya ajali, alinunua krosi nyingine za akiba, za aina moja na za gari la Shabani, na alipoliuza gari nikazibakiza bila kumwambia, zimefungwa kwenye kitambaa chenye mafuta. Nyuma ya mlango uliofungwa tumegonga tukatoa zile mbovu, tumeingiza mpya, nimesukuma grisi mpaka ncha zote zikatema. Hii ya safari hii ni ya dukani. Sasa shafti iko chini ya kitanda changu, nzima, imenona, na humo chumbani mkwe haruhusiwi kukanyaga.

Kesho watapiga vigelegele, watakutoa, watakuleta hapa, watakupandisha. Shabani atawasha gari, litaunguruma, halitakwenda popote. Yapo magari yanayoweza kutembea kwa miguu ya mbele peke yake, na hilo ni mojawapo, akikandamiza kirungu cha manjano. Lakini anayelijua hilo angekuwa ameshapiga grisi, kwa hiyo sina wasiwasi. Atashuka, atafungua boneti. Wote hufungua boneti. Vijana wenzake watasogea watazame injini pamoja naye, na mmoja atasema betri. Mwanaidi atalia kwamba tumerogwa. Baba yako atanitafuta kwa macho. Mimi nitakuwa nimekaa kwenye kigoda mlangoni kwangu, uso nimefunika kwa heshima zote, na Petro atasema kwa sauti: shafti iko kwa mama mkwe, anayeitaka aje aiombe.

Shabani atalazimika kuchagua mbele ya mji mzima. Ama avunje ukwe, aje mpaka mlangoni, aseme na mimi kwa mdomo wake, aichukue, alale chini ya gari lake na kanzu yake nyeupe, afunge nati nane, Petro akimwelekeza. Ama akatae, aseme haiwezekani mwanaume adhalilishwe na mwanamke siku ya harusi yake. Watu wengi watamwunga mkono akikataa. Wewe usiseme neno. Kaa pale juu na hina yako, umtazame.

Akikataa, teremka. Usimngoje baba yako, usimtazame shangazi yako. Njoo mpaka kwenye kigoda changu ukae nyuma yangu, na maneno yote ya siku hiyo na ya miaka itakayofuata nitayabeba mimi. Nimeshazoea. Watasema mama ndiye aliyevunja ndoa ya mwanawe, na safari hii angalau watakubali kwamba mwanamke anaweza kuvunja kitu.

Akija, akaomba, akalala chini, mngoje atoke. Tazama mikono yake ikiwa myeusi na usoni amechafuka na vijana wake wanacheka. Akitoka bado amekasirika, haidhuru, mradi nati amezikaza. Panda ukae karibu naye, uende nchi yake ya samaki, na kabla ya kuteremka umwambie akandamize kirungu.

Na kanzu yake mwambie asiifue ziwani, grisi haitoki kwa maji ya baridi. Ampe Petro aniletee. Nitaifua mimi.

Mama yako.